Bembea Isiyomngoja Mtu

Mguu wa Osmundi ulichelewa. Niliuona kwa macho yangu, nikiwa nimekaa safu ya mbele pamoja na ndugu wa watahiniwa wengine, na ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi isipokuwa mimi.

Mdogo wangu alikuwa ndani ya lile vazi la mchezo, limembana kuanzia shingoni hadi kwenye vidole vya miguu, ananing'inia kwa mikanda katikati ya ukumbi ili aweze kukimbia na kuruka bila kugonga ukuta. Kwenye kioo kikubwa nyuma yake tuliona kile anachokiona yeye: mawingu chini, nyaya juu, na bembea mbili za bati zikija na kuondoka, kila moja kwa mwendo wake. Alitakiwa kuvuka kutoka moja kwenda nyingine zikikaribiana. Ile ya pili ilikuja, ikafika mwisho wa safari yake, na ilipokuwa inapaswa kurudi ndipo Osmundi akaruka. Akatua katikati yake barabara kabisa. Shangazi yetu Debora, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwita mkaa bure, alipiga kigelegele mpaka nikaziba sikio.

Nami mikono niliiacha mapajani, kwa sababu bembea ile ilikuwa imemngoja.

Niseme mapema kwamba kazi yangu ni bembea. Nipo kwenye kampuni ya michezo ya video pale Makambako, na kwa miaka yote niliyokaa hapo sijatengeneza shujaa wala jini wala jumba la dhahabu. Natengeneza vikwazo vinavyobembea: mbao, magogo, vikapu, visiwa vinavyoning'inia kwa mnyororo. Shimo ni kikwazo cha kistaarabu, mchezaji analiruka akishajiandaa. Bembea haina ustaarabu huo. Inakulazimisha uruke saa inayotaka yenyewe, na ndiyo maana watoto wa nchi nzima wananilaani bila kulijua jina langu. Kwa hiyo bembea inayodanganya naitambua hata nikiwa nimefumba jicho moja.

Udanganyifu wenyewe tunauita hisani. Mchezaji akichelewa kidogo, kiasi cha kupepesa jicho, bembea inakaa pale mwisho wa safari yake kiasi hichohicho, inampokea, kisha inaendelea na safari. Haionekani. Mchezaji anajiona fundi. Ukiiondoa, mtoto anatupa kidude chake ukutani na kuapa kwamba aliruka kwa wakati, na kwa kweli anaamini hivyo, maana jicho na mwili wa mtu havifiki mahali kwa pamoja. Kampuni yetu inaweka hisani kwenye kila bembea tangu siku ilipofungua milango. Ni kama chumvi kwenye mboga, hakuna anayeuliza kama ipo.

Lakini kile alichokuwa anakifanya Osmundi siku ile hakikuwa mchezo wa watoto.

Mji wetu unakula umeme wa tiara, vile vishada vya kurushwa kwa upepo. Ziko juu ya kilima, kubwa kuliko uwanja wa mpira, zinapanda hadi mahali ambapo upepo haulali, na kamba zake zikivutwa na kulegezwa ndizo zinazozungusha mitambo chini. Kamba hizo zinachakaa, na za safari hii zilikuwa zimechakaa mno. Lazima zibadilishwe kabla ya upepo wa kipupwe, tiara zikiwa hewani, maana kamba hukaa sawa ikivutwa na upepo tu, na anayezibadilisha ni binadamu. Mashine zilijaribiwa, umeme wa hewani ukaziunguza akili. Nyavu za kudakia watu zilitandazwa, upepo ukazigeuza tiara nyingine. Fundi wa kamba anapandishwa hadi kwenye bembea iliyofungwa kwenye waya wa tiara ya kwanza, na akishamaliza anavuka kwenda bembea ya waya wa pili. Ana kulabu ya usalama, ndiyo, lakini hawezi kujifunga pande zote mbili. Bembea zikiachana zitamchana. Kwa hiyo anafungua kulabu huku, anaruka, anafunga kule, na hapo katikati hashikwi na kitu chochote.

Kampuni ya Tiara ilikuwa imegundua kwamba vijana waliokua wakicheza michezo yetu wanavuka vizuri kuliko mafundi wazoefu. Ndipo wakaiomba kampuni yetu iwatengenezee mtihani. Kazi hiyo alipewa bosi wangu mwenyewe na timu yake, mimi nikiwa na visiwa vyangu vya watoto.

Na sasa mdogo wangu alikuwa amefaulu, na wiki iliyofuata angepanda juu.

*

Bosi wangu anaitwa Kalisti Nyagawa, na sijawahi kukutana na mtu mwaminifu kuliko yeye. Nilimkuta bado ana suti ya sherehe. Nikamweleza nilichokiona. Akacheka, akanikalisha, akanifungulia mtihani wote mbele yangu kwa subira ya mtu asiye na cha kuficha. Waliondoa misaada yote, alisema: mabawa hakuna, maisha ya ziada hakuna, bembea hazipanuki mtu akikaribia, upepo ni ule uliopimwa kilimani. Kampuni ya Tiara ilituma watu wa kukagua, wakakagua kila kitu.

Nikamwomba afungue sehemu ya chini kabisa, ile ambayo kila bembea yetu inazaliwa humo. Hisani ilikuwa pale, imekaa kwa raha zake.

Kalisti aliinama karibu na kioo. Uso wake ulibadilika polepole, na niliona huruma kumtazama.

"Sikuiona kama msaada, Vaileth," alisema. "Bembea isiyo na hisani mimi naiita bembea mbovu. Ningeikuta haina, ningeitengeneza."

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ningepewa kazi ile mimi, ningeiacha vilevile, na wakaguzi wangeuliza kuhusu misaada nami ningewajibu kwamba hakuna, kwa moyo safi kabisa.

Tulirudia mtihani wa kila aliyefaulu. Vazi hutunza kumbukumbu ya kila mruko, kwa hiyo ilitosha kuondoa hisani na kuitazama miruko ileile upya. Walianguka. Mmoja baada ya mwingine walikanyaga hewa wakiwa na uso wa ushindi, maana uso ulikuwa ule wa siku ya mtihani. Kuna dada mmoja, Yusta Sanga, aliyekuwa amepata alama za mwisho kabisa kwa sababu ya kusitasita, na yeye hakuanguka hata mara moja. Osmundi alianguka karibu kila alipovuka.

Lililonitisha lilikuwa kubwa kuliko kuchelewa. Vijana hawa walikuwa wamejifunza kuchelewa. Miaka yote ya utoto wao bembea zangu ziliwangoja, na miili yao ikashika kwamba pale bembea inapogeuka ndipo pa kurukia. Ungemweka mbele ya bembea mtu ambaye hajawahi kucheza mchezo wetu hata siku moja, labda angekuwa salama kuliko wao.

Kalisti alisema ataandika barua kwa Kampuni ya Tiara, na kwamba huenda ndiyo ikawa mwisho wetu. Nikamwambia barua itafika watu wakiwa juu. Nilichukua kumbukumbu zile nikaenda mwenyewe.

*

Injinia Sekela Mwakatobe, mkuu wa kituo cha tiara, alinipokea nje kwenye baridi, kofia ya kazi kichwani, anatazama kamba kwa darubini. Ni mama mpana, mpole, sauti ya chini. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mtu mbaya, na yeye akaniagizia chai ya tangawizi.

Alizitazama kumbukumbu zote mpaka mwisho. Kisha akaniuliza hisani ni ndefu kiasi gani. Nikamwambia ni kupepesa jicho.

"Na kwa kupepesa jicho unataka niuzime mji?"

"Huko juu mtu anaanguka kwa kupepesa jicho, mama."

Hakukasirika. Alinionyesha kamba ya tiara kubwa, jinsi nyuzi zilivyoanza kusimama kama nywele. Bila mafundi hawa, alisema, ataziteremsha tiara kabla ya kipupwe, maana kamba ikikatika tiara itaangukia nyumba za watu. Zikiteremshwa, mji utakuwa na umeme wa zamu. Hospitali ya wilaya ina mitambo ya akiba iliyochoka. Kuna watoto wachanga kwenye vyumba vya joto pale. Mimi nilikuwa nimemletea watu wanaoweza kufa, na yeye alikuwa na wa kwake ambao pia wanaweza kufa, na hakuna kati yetu aliyejua ni wangapi. Hata leo jibu la hesabu hiyo sijui kama lipo.

Ndipo akaweka kikombe chini, akasogea karibu.

"Mdogo wako ni yule Osmundi Mtewele? Kijana mzuri. Nina nafasi huku chini, kwenye winchi ya kupandishia mafundi. Mshahara uleule, sare ileile. Nitasema goti lake halijakaa sawa. Hakuna atakayejua, hata yeye."

Nitasema ukweli: nilitaka kukubali. Nilitaka kwa mwili wote. Nilimwona Osmundi amevaa sare yake, yuko ardhini, amezeeka, ana kitambi, ananitania Krismasi. Nilichotakiwa kufanya ni kunywa chai yangu na kwenda nyumbani. Wengine wangepanda. Labda wangevuka, wengine hata bila hisani wangebahatisha. Na mimi ningekuwa na mdogo wangu.

Kisha nikamkumbuka mama mmoja ukumbini aliyekuwa ameketi nyuma yangu, aliyekuwa anapiga makofi kwa kanga iliyokunjwa mkononi, anasema kila mara, yule wangu, yule wangu. Nilisimama. Nilimwambia Injinia Sekela kwamba nashukuru kwa chai, na kwamba naenda kuwaambia wote.

Alinionya kwamba ana haki ya kunizuia getini. Lakini hakunizuia. Nadhani naye alikuwa anataka mtu mwingine aliseme.

*

Niliwaambia ukumbini, wote wakiwa wamekaa sakafuni katika sare mpya. Kalisti alisimama kando yangu na kusema kosa ni la kampuni. Hakuna aliyemsikiliza. Walikuwa wananitazama mimi, na nikaona jinsi habari inavyoingia: kwanza hawaelewi, kisha kila mmoja anaanza kuikumbuka miruko yake, mmoja mmoja, anajiuliza ipi ilikuwa yake na ipi alipewa.

Osmundi ndiye wa kwanza kuinuka. Alisema nimekuwa nikimwonea wivu tangu mwanzo. Alisema dada anayempenda mdogo wake hamvui nguo mbele za watu, humwita pembeni. Nikamjibu kwamba ningemwita pembeni, wenzake wangepanda bila yeye. Akasema sawa, niondoe hicho kihisani changu, yeye avae vazi sasa hivi, kila mtu aone.

Nikaiondoa.

Alianguka mruko wa kwanza. Vazi likamkaza mwili mzima, ndivyo linavyofanya mtu akianguka, na kioo kikawa mawingu matupu. Akaomba tena. Akaanguka. Akaomba tena, akawa anaruka kwa nguvu zaidi, na kuruka kwa nguvu hakumsaidii mtu aliyechelewa. Watu walikuwa wameacha kutazama kioo, wanatazama miguu yao. Nilitamani kumwambia inatosha, lakini nilijua nikimwambia hivyo atanichukia mpaka kufa, kwa hiyo nikabonyeza kitufe kila alipoomba, nikabonyeza tena na tena huku machozi yananitoka.

Mwishowe alivuliwa vazi amelowa jasho. Alipita mbele yangu, akaokota viatu vyake, akatoka nje.

Waliobaki waliingia mmoja mmoja. Waliovuka walikuwa wachache mno, na Yusta Sanga alikuwa wa kwanza wao. Nilimwomba awaeleze wenzake anafanyaje. Aliona aibu, akasema yeye hajui kuruka, anajua tu kuiacha bembea ipite. Anaziacha nyingi. Ndiyo maana alama zake zilikuwa mbaya, kwa sababu mtihani wetu ulihesabu kila bembea inayopita kuwa ni woga.

Hilo nalo tuliliondoa, siku hiyohiyo.

*

Injinia Sekela aliziteremsha tiara mbili na kuacha moja, ile ambayo kamba yake ilikuwa na nafuu. Alitangaza mwenyewe redioni, hakulitaja jina langu, ila mji wetu hauhitaji redio. Umeme ukawa wa zamu. Mashine za kusaga zilinyamaza mchana, viazi vikaoza kwenye maghala ya baridi, na sokoni mama mmoja alikataa kuniuzia nyanya. Hospitali walipewa sehemu kubwa ya umeme wa tiara iliyobaki, kwa hiyo wengine nje ya zamu tulikaa gizani tukinuka mafuta ya taa. Shangazi Debora aliniambia waziwazi kwamba nimeua riziki ya mtoto. Nilimwambia mtoto mwenyewe bado yupo. Akasusa.

Mimi na Kalisti tulihamia ukumbini. Tulitengeneza bembea mpya, zisizojua kama kuna mtu, na tukawafundisha vijana kuanzia mwanzo. Kujifunza ni rahisi. Kusahau ndiko kulikotutesa. Mwili wa mtu ukishaahidiwa kitu unakidai. Wapo walioondoka wakarudi shambani, na sikuwalaumu. Osmundi hakuondoka. Alikuja kila asubuhi, akavaa vazi, akaanguka, akavua, akaenda zake. Maagizo yangu aliyafuata yote, ila aliyapokea kupitia kwa Yusta, hata nikiwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Nikisema nyanyua kidevu, anamgeukia Yusta, Yusta anamwambia nyanyua kidevu, ananyanyua. Wengine walicheka, mimi sikuweza.

Alipofaulu sikupiga makofi. Nilirudia miruko yake peke yangu, bembea kwa bembea, nikitafuta mahali pa kumkatalia. Sikupapata. Nikaweka sahihi yangu chini ya jina lake, nikijua kwamba sasa akianguka ni mimi niliyempandisha.

Siku yake ya kwanza ilikuwa ya baridi kavu. Tiara zilikuwa zimepandishwa tena kwa ajili ya kazi hiyo tu; kundi la Yusta lilikuwa limeshafunga kamba mpya ya tiara ya kwanza, ya pili ilikuwa yake. Tulisimama chini, mimi na Injinia Sekela, tukiangalia kwenye kioo kidogo kile ambacho kamera ya kofia yake ilikiona. Alimaliza kukagua kamba mpya upande wa kwanza, akasogea ukingoni. Bembea ya pili ikaja.

Ilikuja vizuri, karibu kabisa, ya kuvutia. Niliuona mguu wake ukinyanyuka, bembea ikiwa tayari inageuka.

Akaurudisha chini. Bembea ikaenda.

Ikaja tena, mbali kidogo. Akaiacha. Upepo ukaanza kupanda, nyaya zikaanza kulia. Injinia Sekela alikuwa anaitazama saa yake na kitu kile alichokuwa anakitazama zaidi ya saa, yaani mji mzima bondeni unaongoja umeme. Ikaja mara ya tatu. Akaiacha tena. Injinia akanyanyua redio mpaka mdomoni. Sikumgusa wala sikumwomba. Alikaa hivyo, redio mdomoni, kisha akaishusha akaitia mfukoni.

Sauti ya Osmundi ndiyo iliyotoka kwenye kioo, tulivu, kama mtu anayesema dukani hawana sukari. Alisema hazimfai leo, anaomba kuteremshwa.

Winchi ilimshusha polepole. Alipokanyaga ardhi, vijana wa winchi walimtazama wakasubiri aone aibu, na hakuona. Alifungua kulabu, akavua kofia, nywele zimelala kwa jasho kwenye baridi yote ile. Kisha akanijia mimi, si Yusta, akasimama mbele yangu.

"Ile ya kwanza ningeiruka, dada," alisema. "Zamani ningeiruka."

Nikamwambia niliona.

Akamgeukia Injinia Sekela, akasema kesho anaomba zamu ya alfajiri, kabla upepo haujapata nguvu, na keshokutwa tena kama kesho itakataa. Injinia akakubali, akaenda kuutangazia mji siku nyingine moja ya giza. Osmundi aliketi chini kwenye majani, akaniuliza kama nina maji ya kunywa.